Barua ya Mama Risper

Watu wa Kaloleni walikuwa na maneno, jamani, na ukiwapa kitu cha bure ndiyo hawashikiki kabisa. Gazeti lao liliitwa Jirani. Lilikuwa karatasi chache zilizobanwa kwa pini moja, likigawiwa nyumba kwa nyumba mara mbili kwa mwezi, Jumapili watu wakitoka kanisani, na hakuna aliyewahi kulipia hata ndururu. Lakini maoni sasa! Sanduku la barua lililopigiliwa mlangoni mwa holi lilikuwa halikai tupu siku mbili. Ngui wa gereji aliuliza kwa nini mpira unawekwa nyuma na habari za vyoo vilivyoziba zinawekwa mbele. Johnson, fundi viatu, alilalamika kwamba wino wa gazeti unachafua mandazi, kana kwamba lilichapwa ili lifungiwe mandazi. Mwingine alitaka picha. Ebo! Picha, kwa ile mashine kuukuu ya holi iliyozungushwa kwa mkono?

Mhariri wa gazeti hilo, na mwandishi, na mpiga chapa, alikuwa mtu mmoja tu, Otiende, aliyestaafu kazi ya ukarani kwenye reli. Barua zote alizisoma. Alhamisi alasiri aliketi mezani kwake, akafungua moja moja na kuzisoma kwa sauti, na mkewe Aoko akasikiliza huku akichambua mboga. Desturi hiyo ilianza zamani, Aoko alipokuwa hajui kusoma. Sharti la mzee lilikuwa moja: barua isiyo na jina na namba ya nyumba haichapwi.

Na kitu ambacho wasomaji wote walikipenda, hata wale wa kulalamika, kilikuwa ukurasa wa tatu. Hapo Otiende aliandika waliofariki mtaani. Jina, umri, kwao ni wapi, matanga yako nyumba gani. Alikufa mzee mmoja muuza makaa, mtu ambaye hakuna aliyejua ukoo wake wala dini yake, na Otiende akamwandika mistari sita mizuri, watu wakajaa kumzika. Hakumruka mtu. Basi kila mtu alisema hivyo, na Aoko alikuwa akiwasikia wakisema, akijua si kweli.

Maana mmoja alirukwa. Kifungua mimba wao wenyewe, Risper Anyango.

Msichana alipata mimba akiwa na miaka kumi na tisa, kabla ya kumaliza kozi ya uchapaji ambayo baba yake alijinyima tumbaku ili amlipie. Otiende alimfungia mlango. Si kwa mafumbo, alifunga kwa komeo, na msichana akasimama nje na mfuko wake mpaka majirani wakaona haya kutazama. Akaenda kukaa kwa rafiki yake, mtaa wa Baba Dogo. Akafa huko akijifungua, mwezi wa nane mwaka wa 1979, na mtoto naye hakuishi. Walimpeleka nyumbani kijijini wakamzika nje ya ua, kama wanavyozikwa mabinti wakubwa wasioolewa, na Otiende akawaambia kina mama waliokuja kulia wapunguze sauti. Jirani la Jumapili iliyofuata lilikuwa na habari za bomba lililopasuka.

Lililomuuma Aoko zaidi lilikuja polepole. Miaka kumi na tisa mtaa mzima ulimwita Mama Risper, kama kila mama anavyoitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Baada ya mazishi watu walianza kusita. "Habari Mama... eh, habari yako mama." Halafu mmoja akaanza kumwita Mama Obura, kwa jina la mtoto wa pili, wengine wakafuata, na walifikiri wanamwonea huruma. Miezi sita baadaye Mama Risper hakuwepo tena Kaloleni. Aoko aliitikia hilo jina jipya kila siku na kila siku moyo ulimchoma.

Mwaka uliofuata akajiandikisha ngumbaru. Wazee walicheka. Mama mzima na daftari kwapani, anakwenda kuimba a-e-i-o-u! Otiende mwenyewe alimtania, "Sasa utaninyang'anya kazi, mhariri." Akatabasamu tu. Hakuna aliyejua kwamba alitaka kuandika barua moja, moja peke yake, katika maisha yake yote. Ilimchukua mwaka na nusu. Akaiandika kwa penseli, akaifuta, akaiandika tena, na Jumanne moja akaitia sandukuni.

Alhamisi ikafika. Otiende akasoma ya Ngui, akacheka. Akasoma ya Johnson, akasonya. Akafungua ya tatu, midomo ikaanza kutamka, kisha ikafungika. Ilikuwa hivi:

"Kwa Mhariri. Mimi ni msomaji mpya. Gazeti lako linaandika kila mtu akifa hapa kwetu. Hata mzee wa makaa ulimwandika vizuri. Risper Anyango alikufa na hukumwandika. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa anaimba kwaya. Naomba umwandike. Ni mimi Mama Risper, nyumba H 14."

Aoko hakuinua macho. Alichambua jani la mboga, akachambua jingine.

"Hii ni ndefu," Otiende alisema mwishowe.

"Ndefu kiasi gani?"

"Ndefu. Itabidi niifupishe."

Akaivuta taipureta. Stensili, ile karatasi ya nta ambayo mashine hupitishia wino, alikuwa amekwisha kuipachika. Aoko akamsikia akipiga herufi, haraka, kwa mkono wa karani. Kisha kimya. Kisha ikaja ile harufu kali ya dawa ya kufutia makosa, na Aoko akashangaa, kwa sababu mumewe hakuwa mtu wa kukosea. Hata hivyo alilala na matumaini. Jina lilikuwa limefika mezani pake, si ndiyo? Barua ilikuwa na jina na namba ya nyumba, sharti lilitimizwa.

Jumapili hakungoja sala ya mwisho. Alikwenda holi, akatwaa nakala ya juu, akafungua ukurasa wa tatu na kufuata mistari kwa kidole.

"Msomaji mpya wa H 14 analishukuru gazeti kwa kuandika kila anayefariki hapa kwetu, hata mzee wa makaa. Anakumbusha pia kuhusu" na baada ya hapo palikuwa peupe. Mstari mzima peupe. Kisha, "Barua imefupishwa. Mhariri."

Alisoma mara tatu. Alijifunza kusoma ili asome hiyo.

Otiende alikuwa nyuma ya mashine, vidole vyeusi kwa wino, akipanga nakala ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

"Baba Obura, jina liko wapi?"

"Niliandika."

"Liko wapi?"

"Haki ya Mungu niliandika, Aoko. Lote. Nikaliona limekaa pale kwenye nta. Nikasema, watu hawa wananijua, wataniandikia maoni. Watauliza alifia wapi, kwa nini hakufia kwa baba yake. Na mimi mhariri nitawajibu nini? Kwamba nilifunga mlango?" Akajifuta uso, wino ukampaka shavuni. "Siwezi, mama. Nilidhani ninaweza."

Miaka miwili alikuwa amemchukia kimyakimya, na sasa alitaka kuendelea kumchukia akashindwa. Mzee alikuwa amekunjamana kama nguo iliyofuliwa. Aoko akachukua fungu lake la magazeti, kwa kuwa yeye ndiye aliyegawia mstari wa nyumba zao, akatoka, watu wakiwa wamekwisha kurudi kutoka kanisani.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Teresiah, mama wa kutoka Murang'a aliyehamia mwaka jana. Alipokea gazeti, akafungua waliofariki kwanza kama wote walivyofanya.

"Mama Obura, mbona hapa pameachwa wazi? Palikuwa na nini?"

Aoko akafungua mdomo. Jina lilikuwa pale, juu ya ulimi, na mwenye kuuliza alikuwa mtu mwema ambaye angemkumbatia. Akageuka. Ng'ambo ya uwanja Otiende alikuwa amesimama mlangoni mwa holi, wino usoni, anamtazama.

"Ni mashine," Aoko akasema. "Iliruka."

"Aa, mashine hizi!" Teresiah akacheka.

Nyumba ya pili wakamuuliza, akajibu vilevile. Ya tatu pia. Alipofika ya tano hakungoja kuulizwa, alinyoosha gazeti na kusema, "Hapo peupe msipajali, ni mashine tu."