Redempta na Kahawa ya Ulaya Nzima

Redempta ni Mhaya, na siku haipiti hajakukumbusha. Tunakaa chumba kimoja Al Mankhool, huku Uarabuni, kwa hiyo mimi Mchaga nimekumbushwa kuliko wengi. Anapika kahawa katika ofisi moja ya mizigo huko Freezone ya uwanja wa ndege, penye Mtaliano, Mgiriki, Mfini na Mjerumani, kila mmoja na kopo lake la kahawa kabatini na masharti yake.

Bosi wao, sir Nick, Mbelgiji, akachoka na makopo, akaleta mashine. "Sisi sote ni Ulaya," akawatangazia. "Tutakunywa kahawa moja." Alhamisi wangepiga kura. Mashine ikipita, Redempta khalas, kazi imekwisha, anarudi Bukoba.

Akarudi chumbani amenywea. Namtania kila siku, lakini jioni ile niliumia kweli.

"Omba wagombane," nikamwambia.

"Wamependana, Edna! Mgiriki anamshikia Mfini kikombe! Wanasema 'kahawa yetu'!"

Yaliyofuata ameniigizia mwenyewe, sauti zote. Alhamisi alibeba kifurushi kutoka kwao: buni zilizochemshwa na majani, zikakaushwa. Wahaya huzitafuna, na mgeni hupewa mkononi. Akaona aage kiungwana. Kabla ya kura akawapitishia kisahani.

Wakatafuna. Mgiriki akafumba macho, akasema hii inakaribia ya kwao, inabaki kwenye meno. Mtaliano akasema ndiyo maana kahawa ya Wagiriki hainyweki. Mjerumani akauliza zilichemka dakika ngapi. Mtaliano akamwambia Mjerumani asiulize habari za kahawa, aulize za magari. Mfini, ambaye hajawahi kusema neno mkutanoni, akasema wote wanakunywa lami.

Sir Nick akapiga meza. "Jamani, Ulaya!"

"Ulaya ndiyo hayo maji ya mashine?" Mgiriki akainuka, akafungua kabati, akatoa kopo lake. Wenzake wakamfuata mbio.

"Redempta, yangu kwanza!"

"Yalla, pangeni mstari," akasema Mhaya wangu, na Wazungu wakapanga. Sir Nick alikuwa wa mwisho, na kopo alilokuwa amelificha kwenye droo.

Jioni nilifurahi hadi nikataka kulia. Nikachemsha sufuria moja kubwa la chai ya maziwa, tusherehekee. Redempta akachungulia, akakunja pua.

"Maziwa hivi? Hii chai ya Kichaga."

"Wewe! Si sote Watanzania?"

"Ndiyo, dada," akasema, akaenda kuchukua sufuria lake.