Waya wa Dishi na Makaa ya Mama

Kwenye ploti yetu hapa Isiolo, waya wa dishi ulikuwa kamba ya nguo. Mwenye ploti, mfanyabiashara Mmeru anayekaa nyumba ya mawe kule mbele, aliwahi kuwa na dishi moja kubwa, akawagawia wapangaji picha kwa waya mweusi mnene uliopita juu ya milango yote hadi chumba chetu, cha mwisho kabisa, kinachopakana na choo. Dishi lilikufa zamani. Waya ulibaki. Akina mama walianika juu yake soksi, suruali za shule na vipande vya nyama ya nyirinyiri vikauke, na hakuna aliyekumbuka kwamba uliwahi kubeba kitu cha maana kuliko chupi zangu.

Aliyekumbuka ni kaka yangu.

Kaka alikuwa anasoma uhasibu kwa intaneti, kozi ya chuo fulani cha Nairobi. Aba, baba yetu, ambaye maisha yake yote ni soko la mifugo na haamini kitu ambacho hawezi kukifungua mdomo akaangalia meno, alimpa sharti moja. Akipita mtihani wa mwisho, atabaki mjini atafute kazi ya ofisi. Akikosa, ataenda Kulamawe kuchunga ngamia wa mjomba, na hadithi za kompyuta ziishe. Mtihani wenyewe ulikuwa wa kamera: unakaa mbele ya laptopu, msimamizi anakuona kutoka huko aliko, na ukipotea kwenye kioo basi umejitoa.

Shida ni kwamba bando za simu zilikuwa zinaisha mwalimu akiwa bado anasalimia watu. Mwenye ploti alikuwa na intaneti nzuri, ameiwekea mlingoti juu ya paa, lakini Wi-Fi yake ilikuwa inachoka ikifika kwenye tanki la maji. Kuta za mawe ziliila huko mbele, mabati yetu yakamalizia. Ndipo kaka akasoma mahali kwamba waya wa dishi unaweza kubeba intaneti ndani ya nyumba, mradi uwe na viboksi viwili, kimoja kila mwisho. Alivipata kwa fundi wa redio mjini, ndani ya katoni la mitumba ya ng'ambo. Fundi mwenyewe alidhani ni chaja.

Mwenye ploti hakukataa, kwa sababu kaka alikuwa anawafundisha watoto wake hesabu. Tukafunga kiboksi kimoja kwake na kimoja kwetu. Mimi niliondoa chupi zangu kwenye waya kwa heshima zote. Taa ikawaka kijani, kaka akafungua darasa, na kwa mara ya kwanza tukagundua kwamba yule mwalimu ana shingo. Kaka alicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Sijamwona akicheka hivyo tena.

Sasa niwaeleze habari ya makaa. Mama huwasha jiko mapema kuliko wote kwenye ploti, halafu majirani wanakuja mmoja mmoja na sufuria kuukuu kuomba kaa la kuwashia majiko yao. Hajawahi kumnyima mtu. Kwetu, kumnyima jirani moto ni aibu ambayo hata wajukuu wako wataulizwa. Kwa hiyo jirani yetu anayeuza maziwa ya ngamia alipouliza kwa upole kama anaweza kuchovya kidogo kwenye ule waya, maana unapita juu ya mlango wake, Mama alimwambia achukue tu.

Kaka alijaribu kumweleza. Alichora hata picha.

"Nikimpa jirani kaa moja, jiko langu linazimika?" Mama akauliza.

"Hii si makaa, Mama."

"Wewe soma. Mambo ya majirani niachie mimi."

Baada ya mama wa maziwa wakaja wengine. Waliubambua waya kwa kisu cha jikoni, wakaunga kwa vidole, wakafunga kwa plasta ya kidonda. Wawili walinunua viboksi kwa yule fundi, ambaye sasa alikuwa amejua si chaja. Waliobaki walichomeka waya moja kwa moja kwenye televisheni na kukaa wakingoja. Mzee mmoja aliniuliza picha itakuja lini, nikamwambia iko njiani, imepita Archer's Post. Akaniombea baraka, manze, na akaendelea kungoja. Kila kiungo kipya kilikula kidogo. Mwalimu akaanza kukwama, kisha akapoteza shingo tena.

Asubuhi ya mtihani kaka alipita mlango kwa mlango. Salaam aleikum hapa, habari ya asubuhi pale, akiwaomba wachomoe waya mpaka adhuhuri tu. Wote walikubali. Wengine walimfuata na dua hadi mlangoni. Na kweli walichomoa. Taa ikasimama imara, kaka akavaa shati la Idd, mtihani ukaanza. Mimi niliwekwa mlangoni nifukuze kuku, kazi inayolingana na akili yangu kulingana na ripoti za shule.

Ghafla taa ikazima. Kaka hakuweza kuondoka mbele ya kamera, ikiwa kamera ilikuwa bado inamwona. Alinigeuzia macho tu. Nikakimbia nikifuata waya, mlango baada ya mlango, hadi kwa mama wa maziwa. Alikuwa ameona ncha ya waya aliouchomoa inaning'inia na mbuzi anaitamani. Kwa hiyo, kumlinda mtoto wa watu na mtihani wake, alikuwa amesokota ule uti wa shaba wa ndani pamoja na nyuzi za nje, akavifunga fundo moja zuri kama la kufungia mzigo wa ngamia. Shaba ikigusana na zile nyuzi, waya wote unakufa.

"Nimeufunga vizuri, sivyo?" akaniuliza.

Nikasema vizuri sana. Nilifungua kwa meno. Niliporudi taa ilikuwa kijani, na kwenye kioo kulikuwa na maandishi kwamba mtahiniwa ameondoka.

Kaka aliandikia chuo. Walimjibu aanze kozi upya mwaka ujao. Aba hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema wataondoka Ijumaa baada ya swala. Mama wa maziwa alileta kibuyu cha maziwa ya safari, akiamini kijana anaenda kumalizia masomo. Kaka akanishika bega kwa nguvu, akaninong'oneza, "Usimwambie habari ya lile fundo. Kamwe." Akapanda lori la mbuzi akiwa na lile shati la Idd.

Sasa mwenye ploti ameleta fundi wa kweli, na kila chumba kina kiboksi chake na kigawanyio. Intaneti inakimbia kama swara. Kwetu naitumia mimi kuangalia mpira na kumtumia kaka vichekesho. Huko malishoni hakuna mtandao. Vichekesho vyote vina tiki moja, hata vile vizuri.

Leo asubuhi mama wa maziwa alikuja na sufuria yake. Akauliza kijana amefika wapi na masomo.

"Anaendelea," Mama akasema, na kumchagulia kaa kubwa.