Attracta na Lifti Aliyoikataa Mara Moja

Attracta Gaughan alizaliwa kisiwani Inis Garbh, akaolewa huku bara akiwa msichana, na tangu hapo hajaishi katika nyumba ambayo dirisha lake halitazami kisiwa hicho. Alipika katika jiko la shule yetu hadi alipostaafu. Ukimkaribisha chai atasema asante, ametoka kunywa sasa hivi, hata kama hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Ukirudia atasema usijisumbue. Mara ya tatu atasema basi, nusu kikombe tu, na atakunywa viwili. Hakuna anayemshangaa, sote tumelelewa hivyo. Kwetu anayekubali mara ya kwanza huonekana kama aliyelelewa zizini.

Dada yake, Sabina, hakuondoka kisiwani. Yuko upande wa magharibi, katika nyumba ile ile waliyozaliwa. Alivunjika nyonga na hatoki tena, na masikio yamekufa kiasi kwamba simu kwake ni mlio wa nyuki tu. Mwaka huu, kiangazi kilipokuwa kinaisha, muuguzi wa kisiwani alimpigia Attracta akamwambia moyo wa Sabina umechoka, na kama wana nia ya kuonana, waonane kabla ya baridi.

Attracta angekwenda siku hiyo hiyo, lakini kuna Peadar, mumewe. Peadar amepoteza kumbukumbu. Usiku huamka akavaa viatu akaenda kutafuta ng'ombe waliouzwa zamani, na anayeweza kumrudisha kitandani ni Attracta peke yake. Kwa hiyo kikundi chetu cha wastaafu kilipotangaza safari ya kwenda Inis Garbh asubuhi na kurudi jioni, kwa boti ya mwisho kabla ya huduma kufungwa hadi Machi, Attracta alisema ndiyo papo hapo. Tulitazamana. Hatukuwahi kumsikia akikubali jambo mara ya kwanza.

Jirani akakubali kukaa na Peadar hadi jioni. Attracta akaoka mkate wa zabibu, ule ambao mama yao alikuwa akiwaokea, akaufunga kwa kitambaa safi.

Asubuhi ya safari upepo ulikuwa wa kusini-magharibi, na Fintan Lavelle, mwenye boti, alisimama gatini akiitazama bahari kama mtu anayemtazama mdeni wake. Alitwambia tutakaa huko hadi saa tisa, ila hali ikibadilika hatamsubiri mtu.

"Nikipiga honi mje," alisema. "Aliye chooni aje suruali mkononi."

Concepta, mwenyekiti wetu, alimjibu kwamba tangu awe mjane hajaona suruali ya mwanamume ikiwa mkononi, kwa hiyo apige tu honi hiyo mapema.

Kicheko kilituishia tulipovuka mdomo wa ghuba. Wengine walitapika, wengine walisali rozari, na wapo waliofanya yote mawili kwa zamu. Attracta alikaa mbele, mkate mapajani.

Kwenye gati la kisiwani mvua ilikuwa inakuja kwa ubavu. Joost, Mholanzi mwenye hosteli ya pale, alikuwa ameleta gari lake kuukuu kuwachukua waliotaka supu. Joost ana miaka mitatu kisiwani na wote humpenda, kwa sababu hufanya analolisema. Alimwona Attracta akishuka na mkate wake.

"Mama, unakwenda kwa Sabina? Panda, nitakufikisha mpaka mlangoni."

"Ah, usijisumbue, baba. Nitatembea. Miguu bado ninayo."

Joost alimtazama, akaitikia kwa kichwa. "Sawa," alisema. Akafunga mlango, akaondoka na wale wa supu.

Attracta alibaki amesimama, mkono mmoja umeinuliwa kidogo, kama mtu anayengoja kupokea kitu. Nasi tulingoja naye. Concepta alisema Joost anakwenda tu kugeuza gari, atarudi. Gari lilipanda kilima, likapita kanisa, halikuonekana tena.

Concepta aliipigia hosteli. Aliambiwa Joost ameshusha watu akakimbilia ufuoni kuvuta mashua yake juu kabla mawimbi hayajaichukua, na simu ameiacha mezani. Gari jingine halikuwepo. Basi tukaanza kutembea, Attracta, Concepta na mimi. Ni mwendo wa kama saa moja kwa mtu mwenye magoti mazima, na ya Attracta si mazima. Upepo ulitusukuma nyuma. Alipumzika kila penye ukuta wa mawe, kisha akaendelea, mkate ameuficha ndani ya koti.

Tulipofika juu ya kilima, nyumba ilionekana chini, nyeupe, moshi wa dohani umelazwa na upepo. Dirisha lilikuwa na taa. Attracta alisema, bila kutugeukia, kwamba hapo dirishani ndipo Sabina hukaa.

Ndipo honi ikalia.

Ililia tena. Attracta alivua kitambaa chake chekundu cha kichwani akakipunga, akakipunga tena, nywele zake za mvi zikilowa. Dirishani hakuna kilichosogea.

"Nenda ubaki kwake," Concepta alimwambia. "Mimi nitakaa na Peadar hadi boti zirudi."

"Atakukimbia. Atakwenda mpaka baharini kutafuta ng'ombe." Akakifunga kitambaa kichwani. "Turudi."

Joost alitukuta njiani tukiteremka. Fintan ndiye aliyemtuma kukusanya waliobaki. Attracta aliingia garini kabla hajakaribishwa, akamuuliza kama upo muda wa kufika kwa Sabina na kurudi, hata kumwona tu mlangoni.

"Hapana," alisema Joost.

Attracta akampa mkate.

Siku ya tatu nilikuwa jikoni kwa Attracta wakati Joost alipopiga simu. Dhoruba ilikuwa bado haijatulia, na Attracta, ambaye naye anaanza kusikia vibaya, aliweka sauti juu. Joost alisema mkate aliufikisha. Sabina aliuliza mwenyewe yuko wapi. Ilibidi Joost ampigie kelele sikioni kwamba dada yake alikataa lifti, alitaka kutembea.

"Akaniuliza nilikukaribisha garini mara ngapi," alisema Joost. "Nikamwonyesha kidole kimoja. Alikitazama sana kile kidole. Kisha akaniambia niketi. Akanikaribisha chai, nikasema ndiyo. Akasema hapana, kataa. Nikakataa. Akanikaribisha tena, nikasema ndiyo, akasema bado."

Attracta alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Mama, nilikosea?"

"Hapana, baba. Hukukosea. Usijali."

Joost akasema boti itakapoanza tena mwezi wa tatu, atakuja gatini kumchukua.

"Usijisumbue," alisema Attracta.

"Nitakuja kukuchukua."

"Una kazi zako wewe."

"Nitakuja kukuchukua, mama."

Upepo ulitikisa mlango. Attracta aliangalia dirishani, lakini mvua ilikuwa imekifuta kisiwa chote, hata taa ya mnara wa kuongozea meli haikuonekana.

"Haya," alisema. "Asante."

Aliporudisha simu mahali pake, Peadar aliuliza ni nani anayekuja. Akamwambia hakuna anayekuja. Kisha akaniuliza kama nitakunywa chai.