Tanyo na Ndege wa Tuta la Chumvi

Tulipoiacha lami, Tanyo alipunguza mwendo na kufungua dirisha. Nimeishi Sofia miaka mingi, lakini mashamba haya ya chumvi kando ya Bahari Nyeusi sikuwa nimewahi kuyakanyaga. Mti mmoja wa lozi ulikuwa umechanua njiani. Nilimwomba asimame, nikavua mkononi uzi wangu mwekundu na mweupe, ule ambao watu wa huku hufungana Machi kutakiana afya, nikaufunga kwenye tawi kama afanyavyo kila mtu akiona korongo wa kwanza au mti wa kwanza wenye maua. Uzi wa Tanyo, wenye vishada viwili vikubwa, ulibaki mkononi mwake.

"Na wewe?"

"Veneta kasema nisiuvue hadi nione korongo. Mti hauhesabiki."

Veneta ni mkewe. Alikuwa amelazwa mjini, akisubiri kupasuliwa nyongo, na uzi huo alikuwa amemfunga yeye.

Kazi ya Tanyo ni kutengeneza mashine za kufulia. Ikifika Machi, wateja hufua kwa mikono, kwa sababu fundi wao amelala kifudifudi ndani ya kibanda cha mbao, akipiga picha ndege wa ufukweni. Mwaka huu kulikuwa na mmoja, mdogo, wa rangi ya mchanga, aliyeanza kuchimbua kishimo cha kutagia juu ya tuta la mashariki, moja ya kingo za udongo zinazotenga madimbwi ya chumvi.

Langoni tulimkuta Yanaki, msimamizi wa mashamba.

"Fundi! Mashine ya mama inalia kama mbuzi, wewe unafukuza ndege!"

"Ningewafukuza, wewe ungefurahi."

"Katapila linaingia tuta la mashariki kesho asubuhi kulichimba upya. Nilishakwambia: nioneshe ndege amekaa pale, nianze na la magharibi. Hadithi zako sitaki, nataka picha."

"Utaipata."

"Na ukimrusha asirudi?"

"Basi chimba," alisema Tanyo.

Tuliingia kibandani pamoja, tukitembea wima ili tuonekane.

"Ndege hawajui hesabu," alininong'oneza. "Wanaona watu wameingia, wanaona mtu katoka, wanaamini kibanda ni kitupu. Siku zote Veneta ndiye anayetoka. Leo utatoka wewe."

Alipenyeza mkono kwenye tundu ili kuiweka lenzi sawa. Mkono wa koti ulivutika, vishada vya uzi vikachomoka, upepo ukavipeperusha. Ndege alikimbia hatua chache, akaruka. Alitua ng'ambo ya maji, akasimama akitazama upande wetu.

Tanyo alirudisha mkono taratibu sana.

"Uvue," nilisema.

"Sivui."

"Basi uchomeke ndani ya koti."

"Nilikuwa nimeuchomeka. Umeona mwenyewe."

"Nina kisu."

"Kiweke hicho kisu chako. Mwenzangu kalala kule na mrija mkononi, halafu mimi nikate?"

Tulisubiri. Ndege hakurudi. Tanyo alikuwa ameiwinda picha ile tangu juma lililopita, na sasa aliitazama kamera kama mtu anayeangalia sahani ya jirani.

"Umewahi kupiga picha?" aliuliza hatimaye.

"Za makanisa."

"Kanisa haliruki. Sikiliza. Kamera hii haina mlio. Bonyeza hapa, polepole. Akisimama, mwache. Akikaa, piga. Ukipata picha, usitoke hadi giza liingie, kisha mpelekee Yanaki kamera. Mikono yako iwe ndani muda wote."

"Na nikikosea?"

"Utakuwa umekosea. Mimi nikibaki, nimekwisha kukosea."

Alinisogezea mkeka wake, akatoka. Alipita juu ya njia ya katikati bila kuinama, akipiga mluzi, mikono ameitanua ili kila mwenye macho pale majini aone kuwa mtu anaondoka. Hakugeuka.

Ndege alimtazama hadi akawa mbali. Kisha akaruka na kutua mwisho wa tuta, akakimbia, akasimama, akakimbia tena. Kwenye kishimo alisimama kwa muda mrefu. Nilimwacha. Alijitikisa manyoya, akazungusha kifua mchangani, akakunja miguu.

Nikabonyeza.

Gari la Tanyo liliwaka langoni, likashika njia ya hospitali. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi na mlango ulikuwa karibu, lakini ndege alikuwa amekaa, kwa hiyo nami nikakaa.