Fimbo ya Pili

Hortense Mbambu hakumruhusu mnunuzi ashike fimbo ya kuvulia kabla hajamjibu swali: unakwenda kuvua samaki gani, na wapi? Swali hilo alilirithi kwa Premji, Mhindi aliyemwajiri afagie duka lake la vyombo vya uvuvi pale Kampala, mwaka wa sitini na nne, Hortense alipofika akikimbia vita vya Kongo na vitenge viwili na Kiswahili chake cha Butembo. Miaka minane baadaye alizijua fimbo kuliko wateja wenyewe. Alikuwa akiibana ncha ya fimbo darini, akaisukuma taratibu mpaka ipinde, kisha akakwambia kama ni laini, ya wastani au ngumu.

Premji alifukuzwa pamoja na Wahindi wengine mwaka wa sabini na mbili. Duka akapewa Meja Abudu, mtu ambaye hajawahi kuvua hata kambare. Hortense alibaki kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyejua kilichomo kwenye makasha.

Miaka miwili baada ya hapo, Meja aliingia dukani na dereva wake, Ongom. Alikuwa anatumwa Mombasa kwa ajili ya mizigo iliyokwama bandarini, na wenyeji wake walikuwa wamemwalika wakavue kwa mashua, humo humo ndani ya mwamba unaoikinga pwani. Alitaka fimbo nene kuliko zote.

Hortense akamweleza kwa adabu kwamba ndani ya mwamba maji si ya kina. Humo mna changu na kolekole wadogo, na hao wanataka fimbo ya wastani, inayopinda ikamchosha samaki pole pole. Fimbo ngumu ni ya tewa, anayekimbilia pangoni na hana budi kung'olewa kwa nguvu. Ukimvulia changu kwa fimbo ya tewa, haipindi hata kidogo. Ndoana inamchana mdomo na samaki anakwenda zake.

Meja alimtazama. "Mama, wewe naona mimi mtu ya wastani?"

Nyuma yake Ongom alitikisa kichwa kidogo tu, kumwonya. Hortense akaifunga ile ngumu.

Lakini moyo haukutulia. Alijua Meja akirudi na aibu, aibu hiyo itamwangukia yeye. Kwa hiyo Meja alipotoka barazani kuzungumza na askari mwenzake, aliizungushia gunia fimbo ya wastani akampa Ongom, akamwambia aiweke garini, na samaki wakimshinda bosi wake, amtolee hiyo. Ongom alikuwa mtu wa Lira, watu waliokuwa wakiwindwa na serikali. Ndugu zake wawili walichukuliwa kambini na hawakuonekana tena. Aliitazama ile fimbo, akamtazama na Hortense.

"Asante, mama," alisema. "Umenisaidia kuliko unavyojua."

Hortense aliyachukulia kuwa maneno ya adabu tu.

Siku tisa baadaye Meja alirudi, gari akiliendesha mwenyewe. Aliingia, akafunga mlango kwa ufunguo, akaanza kusimulia kwa sauti ya chini. Siku ya pili baharini samaki wanne walimponyoka, mmoja baada ya mwingine, na wenyeji wake wakageuza nyuso wasionekane wakicheka. Ongom akamnong'oneza kwamba hotelini kuna fimbo nyingine. Akapelekwa ufukweni kwa mtumbwi kuifuata. Wakamngoja mpaka maji yakapwa. Fimbo ilikutwa imeegemezwa ukutani chumbani, ingali kwenye gunia lake. Ongom hakukutwa mahali popote.

"Nani alimpa ile fimbo?"

Hortense akashika ukingo wa meza. Watu walikuwa wametiwa ndani ya buti za magari kwa makosa madogo kuliko hilo. Alisema ni yeye, na kwamba aliitoa kwa ajili ya Meja mwenyewe.

Meja aliweka bastola juu ya kioo cha meza, karibu na visanduku vya ndoana, akamuuliza ni nini kingine walichopanga. Hortense alijisikia akijibu kana kwamba mtu mwingine ndiye anayesema.

"Hatukupanga kitu, afande. Ukinipeleka nikahojiwe, nitasema ukweli. Wataniuliza kwa nini ilihitajika fimbo ya pili, na hilo pia nitalisema."

Meja alisema neno lililomshtua Hortense kuliko hiyo bastola. Alikwisha kutoa taarifa kwamba Ongom amezama. Ofisa akitorokwa na dereva wake nchi ya watu huulizwa maswali; bahari haiulizwi.

"Ongom amekufa maji. Bibi yake ameshaambiwa. Umesikia?"

Akachukua bastola yake akatoka. Hortense aliketi juu ya kasha, na ilipita saa nzima kabla hajaweza kusimama.

Kesho yake alikwenda matangani, nyumbani kwa Ongom, Kyebando. Akot, mke wa Ongom, alikuwa juu ya mkeka, sauti imemkauka. Hortense alikaa na wanawake tangu asubuhi bila kusema lolote, maana hakujua ni sikio la nani lililokuwa pale limetumwa. Alasiri Akot alikwenda jikoni kunawa uso, naye akamfuata, akainama kama anayeosha bakuli.

"Akot, usigeuke. Mume wako yuko hai. Alitoroka Mombasa. Usiache kulia."

Akot hakugeuka. Mwili wake ulikakamaa kama mti, kata ikamtoka mkononi ikaanguka majivuni. Kisha akapiga yowe ambalo Hortense hakupata kulisikia tena maishani, na wanawake wakakimbilia ndani kumshika, wakisema maskini, sasa ndiyo msiba umemfika. Hortense naye akalia, asijue analia nini.

Mwezi uliofuata Akot aliwaaga shemeji zake, akasema anawapeleka watoto kwa bibi yao Tororo. Huko hakufika. Alivukia Busia, akaingia Kenya.

Meja hakumuuliza Hortense lolote tena, ila tangu siku ile ya bastola hakuingia dukani bila ya mtu wa kufuatana naye, asije akabaki peke yake na mwenye siri yake. Serikali ilipoanguka mwaka wa sabini na tisa alikimbilia kaskazini, na duka likaporwa hadi mbao za rafu. Hortense alihamia Kamwokya akawa anauza mishipi na ndoana sokoni.

Hapo ndipo Wanyama, mchuuzi kutoka Kenya, alipomletea salamu. Ongom na Akot wanakaa Changamwe, huko huko Mombasa, watoto wote wazima, na mwingine amezaliwa. Hortense alimwomba arudie. Akarudia. Akamuuliza kama Ongom bado anaendesha gari.

"Hapana," Wanyama alisema. "Anauza mkaa. Anasema hana bosi tena."