Kovu la Kulwa Liko Shavu la Kushoto

Habari zenu ndugu. Admin, jina langu lifiche kabisa, maana Simiyu tunajuana na nimeshatukanwa vya kutosha. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, nina duka dogo la kutoa kopi na kuprinti hapa Bariadi. Niiteni Doto, kwa kuwa nilizaliwa pacha. Kulwa, dada yangu, alikufa kwa surua tukiwa watoto kule Nkololo, msimu uleule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia na magari yao na mitumba ikajaa mnadani. Hatukuwa na picha yake hata moja. Mama alikufa akimtafuta kwenye sura yangu, ingawa hatukufanana.

Ndiyo maana nilianza kukusanya slaidi za watu nisiowajua. Slaidi ni kipande kidogo cha filamu kilichobanwa kwenye fremu ya karatasi ngumu. Ukikiinua kwenye mwanga unaona watu. Mabwana shamba na wageni wa miradi walizipiga wakaziacha. Nazipata kwa wauza vyuma chakavu, nazifuta vumbi, naziskani, kisha naweka picha kwenye kundi la WhatsApp ili wenye ndugu zao wawatambue.

Mwaka jana nilikuta slaidi ya soko la pamba. Binti amesimama kando ya magunia, kichwa kimenyolewa, gauni la mtumba linamfika vifundoni, shavuni ana kovu la moto. Moyo ulinilipuka. Lakini kovu lilikuwa shavu la kulia. Kulwa alimwagikiwa uji wa moto shavu la kushoto. Usiku nilikuwa nalala upande wake huo, nikiligusa kovu kwa kidole mpaka nasinzia. Nikajiambia, huyu siye. Nikaikata picha ibaki sura tu, nikaituma kwenye kundi.

Akajitokeza mama mmoja mzee wa Mwanhuzi, akaja na mwanawe wa kiume. Binti yake aliungua shavu la kulia, akafa miaka hiyohiyo. Alikaa sakafuni dukani kwangu akaipapasa picha. "Mwanangu," akasema, "kumbe ulikuwa huku." Nililia naye. Nikampa na slaidi yenyewe.

Mwezi uliopita nikaifungua tena ile picha nzima, kabla haijakatwa. Nyuma ya binti kuna mzani, na tarakimu zake zote zimegeuka kama unazitazama kwenye kioo. Ndugu zangu, slaidi huonekana pande zote mbili, na mimi niliiweka kwenye mashine kinyume. Nikaigeuza. Kovu likaenda kushoto. Na pale pembeni kuna mkono wa mtoto umeshika pindo la gauni la binti. Mwenye mkono amekatwa na ukingo wa picha. Mkono ule ni wangu. Sokoni nilimshika hivyo siku zote, nikiogopa kupotea.

Nikampigia mwanawe yule mama wa Mwanhuzi. Sikumaliza hata kueleza.

"Wewe ndiye uliyetuambia ni wetu. Leo si wetu? Picha inageuka kama chapati?"

"Kaka yangu, tazama mzani..."

"Mzani wa nini! Biashara yako ya sura za marehemu imalizie hukohuko Bariadi. Mama ameanza kulala, unataka kumfukulia kaburi? Ukikanyaga hapa utatujua."

Kisha akaniandika kwenye kundi kuwa mimi ni mchawi. Watu ambao niliwatafutia baba zao wakaweka vicheko.

Nyumbani nako ni moto. Kaka yangu wa kuzaliwa hataki hata salamu. "Umemgawa Kulwa," aliniambia mbele ya shemeji zangu. "Mtoto wa mama yetu, umemgawa kama karanga za kuonja." Na mimi, ambaye sijazoea kugombana na mtu, namchukia yule mama wa Mwanhuzi. Hajanikosea kitu. Namchukia anavyolala.

Juzi akanipigia mwenyewe. Mwanawe hajamwambia lolote.

"Mwangaluka, Doto," akanisalimu Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," nikamwitikia, kama tunavyowaita mama zetu.

"Macho yananiishia, mwanangu. Nampa kondakta ile slaidi, unitolee kubwa, ya kujaa ukutani. Nimwone vizuri kabla sijafa."

Imefika leo, imefungwa kwenye kipande cha kanga. Kaka amenitumia ujumbe kuwa imejileta yenyewe, nisiirudishe. Mayu amepiga tena kuuliza kama imefika salama.

Nikiiskani sawasawa, kovu litahama na atajua kuwa siye mwanawe. Nikiiweka kinyume tena, nitakuwa nimemzika Kulwa kwa jina la mtoto mwingine, kwa mkono uleule uliomshika gauni. Msinitukane, matusi ninayo. Niambieni tu: kesho asubuhi nikiwasha mashine, niiweke upande upi?