Daftari Nililomshonea Kabula

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani, na wala hainipi sifa. Nilikuwa kijana huko Lingeka, nina ng'ombe wachache, shamba la pamba na kiburi kisicho na kipimo. Mgeni akipiga hodi, nilimshika mkono binti yangu Kabula, wa miaka sita, nikamfungia kwenye chumba cha pamba. Nilijiambia kwamba anapenda ule ulaini wa pamba. Uongo mtupu. Nilimficha kwa sababu hakujua kusalimia.

Wewe umekulia kwetu, unajua salamu ilivyo. Mtoto anapiga goti, anasema mwangaluka, anajibu habari za nyumbani, za mvua na za ng'ombe, ndipo mgeni anapewa kigoda. Asiposalimia, wanaoaibika ni wazazi. Kabula akiambiwa, "Mwangaluka, Kabula," naye hurudisha vile vile, "Mwangaluka, Kabula," macho yakiwa juu kwenye paa. Wageni walidhani anawadhihaki. Na mimi, Mungu anisamehe, nilidhani hivyo pia. Nilimchapa. Nilimwinua kidevu kwa nguvu ili aniangalie machoni. Alipoziba masikio akilia, mimi ndiyo kwanza nilizidi kuwaka.

Mwalimu mkuu wa shule ya kijiji aliniambia waziwazi: "Baba Kabula, mrudishe mwezi wa kwanza. Akiweza kuitikia salamu, nitamwandikisha. Asipoweza, sijui nitamsaidiaje." Nikaona shule ndiyo imempita.

Basi siku ninayokuambia, mgeni alikuwa Mwalimu Minza, shangazi wa mke wangu, aliyekuwa amestaafu na kurudi kijijini kutoka Bariadi mjini. Alisikia kilio chumbani. Alinyanyuka, akaufungua mlango mwenyewe, kisha akanigeukia.

"Ng'ombe uliyemnunua mnadani, siku ya kwanza unamchapa kwa kutoujua mlango wa zizi lako?"

"Hapana, mayu, mama yangu. Namwongoza mpaka azoee."

"Kumbe unajua! Sasa huyu uliyemzaa mwenyewe amekukosea nini?"

Nilinywea, mwanangu. Sijawahi kunywea vile mbele ya mtu.

Akaniambia huenda maneno yetu yanampita Kabula mbio mno, lakini yaliyoandikwa na kuchorwa yatamsubiri. Nichukue karatasi, nizishone kwa uzi wa magunia, nichore nyumba yetu wenyewe, si ya watu wa mbali. Tukaandika pamoja kurasa nne. Mgeni anakuja. Mgeni anasema, "Mwangaluka." Kabula anasema, "Mwangaluka." Mgeni anaketi. Basi. Nimsomee kila siku, mahali pale pale, na nikifika neno la mwisho ninyamaze, nimngoje alitie yeye.

Nikataka kumsukumia mke wangu kazi hiyo. Niliishia darasa la tatu, na kusoma kwangu kulikuwa kwa kukwaruzakwaruza. Mwalimu Minza akakataa katakata. "Anayeogopwa hapa ni wewe. Utasoma wewe."

Nikasoma. Ng'ombe niliowachora walifanana na vyura, na mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Wiki ya kwanza Kabula hakunitazama wala hakutia neno. Wiki ya pili akaanza kuja mwenyewe, anaketi kabla sijaita. Nami nilikuwa nangoja, mwanangu, mimi ambaye hata uji sikuungoja upoe. Kisha jioni moja, katika haraka zangu, nikafunua kurasa mbili kwa pamoja. Mkono mdogo ukanishika kidole.

"Bado," akasema. "Kabula hajasalimia."

Hayo hakuyarudisha kutoka kinywani mwa mtu. Yalikuwa yake mwenyewe! Nilimwita mke wangu kwa sauti iliyomfanya aje na mwiko mkononi akidhani nyumba inaungua.

Tangu hapo nikawa mshonaji wa vitabu. Kitabu cha kuomba maji. Kitabu cha kumwambia mwenzako, "Nami nicheze." Kitabu cha kusema, "Kelele zinaniumiza." Hicho cha mwisho alikitumia kwangu, siku nilipokuwa namfokea mbwa. Nikashusha sauti papo hapo, na mpaka leo sijaipandisha tena.

Mwezi wa kwanza ukafika. Tukasimama ofisini mbele ya mwalimu mkuu, akasema, "Mwangaluka, Kabula." Macho ya mtoto yalikuwa kwenye vifungo vya shati la mwalimu. Kiwiko changu kilitaka kumsukuma, nikakizuia. Tukangoja. Karani akaacha kuandika.

"Mwangaluka," Kabula akasema, akapiga goti. Halafu akaongeza jambo ambalo sikuliandika katika kitabu chochote: "Ng'ombe hawajambo?"

Mwalimu akashangaa. "Sina ng'ombe, mama. Nina kuku tu."

"Kuku hawajambo?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko, na mwalimu akavuta daftari la wanafunzi huku akijibu kwamba kuku hawajambo kabisa. Mimi nililia, mwanangu. Nililia pale pale, mwanamume mzima, wala sikujali nani ananiona.

Baadaye daktari mmoja mjini alitutajia jina la hali yake: usonji. Si laana wala ukaidi. Leo Kabula ni dada mzima, anaishi Somanda kwa mdogo wake, na kila Jumamosi huwasomea watoto wa jirani wenye hali kama yake. Bado hapendi kuangalia watu machoni, na honi za bodaboda bado zinamkera. Hayo ni yake. Hatukumgeuza mtu mwingine. Tulimpa njia ya kutufikia.

Kwa hiyo, ukijaliwa mtoto ambaye maneno hayamtoki, usimfiche na usimchape. Keti naye chini, umsomee kuhusu maisha yake mwenyewe, kidogo, kila siku, hata kama kusoma kwako ni kwa kukwaruza. Ukifika neno la mwisho, nyamaza umngoje. Na akikufundisha jambo, kubali kufundishwa.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe subira ambayo mimi niliipata kwa kuchelewa, na siku mwanao atakapokuita kwa mara ya kwanza, akukute umeketi karibu naye.